Punda Mwenye Tumbo la Nyungu

7 Oktoba 1956, Siku ya Mungu

Leo kisha misa Casimir katekista aliniita, akanipeleka kwa Padri. Mi nikiitwa tu, mawazo yanakimbia Lulimba kwa mutoto wangu Constance, nasema basi, kuna habari mubaya. Kumbe ilikuwa habari ya punda.

Ni punda wa pango la Noeli. Aliletwa na mashua kutoka Albertville ndani ya sanduku, pamoja na Maria na Yosefu na mutoto Yesu na ng'ombe. Ziwa lilikuwa kali, sanduku likagongwa. Wengine wote walifika bazima. Punda peke yake amesagika, iko kama unga wa muhogo. Padri alichota ule unga na mukono, akasema, "Mama Constance, nyungu zako ninaziona kila nyumba hapa Baraka. Utanifinyangia punda?"

Nikamwambia, "Padri, mi sijaona punda hata siku moja."

Akafungua kitabu cha katekisimu, akanionyesha picha. Punda anachungulia nyuma ya Yosefu. Kichwa na masikio, basi. Nikauliza, "Na ile ingine yote?" Akacheka. "Ile ingine ni munyama tu, mama. Miguu mine na mukia. Ukubwa kama mbuzi."

Ilifaa nikatae. Mvua imeanza, na sisi bamama wa nyungu mvua ikianza hatugusi udongo, tunashika jembe. Nyungu ni kazi ya kiangazi. Udongo wa wakati wa mvua haukauki vizuri, na usiokauka unapasuka ndani ya moto. Lakini nilikubali. Sababu nitaiandika hapa, sitaisema kwa muntu. Tangu Constance aolewe, nyumba imekuwa kubwa. Nikikohoa, kikohozi kinanirudia. Niliwaza, hata punda ni wa kukaa naye.

Kaye hii ninayoandikia ni ya Constance, ya école. Aliacha nusu nyeupe. Aliniambia, "Mama, ukikosa wa kusema naye, andika." Basi naandika.

8 Oktoba

Mvua. Nimekula peke yangu.

10 Oktoba

Nilienda na Siti kuchimba udongo kando ya muto Mutambala. Siti ni jirani yangu, ukuta wa matete tu unatutenga. Yeye ni Muislamu, kwao ni Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Uledi, bwana yake, alimuleta hapa akiwa binti, na Uledi ni mwenye mashua, kukaa nyumbani hajui. Tangu bwana yangu afariki, Siti ndiye muntu wangu. Kila asubuhi anakuja na chai yake ya tangawizi, mi natoa muhogo wa kuchemsha.

Tulirudi na vikapu kichwani. Kwa mulango wangu akauliza, "Mwenzangu, nyungu gani hizi za wakati wa mvua?" Nikamwambia ni punda wa kanisa.

Akatua kikapu polepole, hapo nje, hakukivukisha kizingiti. "Sanamu?"

"Ya punda tu, dada."

"Punda ana roho. Kwetu, nyumba yenye sanamu ya kitu chenye roho malaika hawaingii." Hakusema na hasira. Alisema kama muntu anayekuambia paa lako linavuja. Akaenda kwake.

11 Oktoba

Siti hakuja. Muhogo nimewapa kuku.

14 Oktoba, Siku ya Mungu

Furaha!

Bonaventure, bwana ya Constance, alikuja na kamyo kutoka Lulimba. Sisi kwetu mukwe mwanaume hamutazami mama wa bibi yake usoni. Alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama, akagonga ukuta na kidole.

"Mama mukwe, ni mi Bonaventure. Ninakupa mugongo kwa heshima."

Nami ndani nikageukia ukuta mwingine. "Karibu, mukwe. Mutoto wangu muzima?"

"Muzima. Tena hayuko peke yake."

"Iko na nani?"

Nikasikia anacheka kidogo kidogo. "Mama, si niseme namna gani? Bamama kule banasema atazaa kando ya Noeli."

Nilikaa chini. Nilisahau kumujibu, mupaka akaita, "Mama mukwe? Uko?"

Mutoto wa kwanza tunamuzalia nyumbani kwa mama wa binti. Anastasie, mama ya Bonaventure, atamuleta mwanzo wa mwezi wa Noeli. Atazaa kwa mikono yangu. Mi nilizaa batatu. Babili balibaki pale juu, makaburini. Constance ndiye niliyeachiwa. Kumufuata Lulimba siwezi. Mama wa binti haingii kwa bakwe mupaka mama mukwe aje na miguu yake, amuite kwa mudomo wake. Ni desturi, siilaumu. Nitangoja. Sasa kungoja kuna utamu.

20 Oktoba

Nimetwanga vigae vya nyungu kuukuu, nikavichanganya na udongo ili ushikane. Halafu nikasimama mbele yake kama mujinga. Punda anaanzia wapi? Mbuzi ninajua, nimemuchinja. Punda sijui ndani wala nje.

Nikaanza na ninachojua: tumbo. Nilikunja udongo kamba kwa kamba, nikaupandisha, nikaulainisha na kipande cha kibuyu, nikaufunga juu. Tumbo tupu ndani, lazima, sababu udongo munene haukauki kamwe. Miguu mine nene kama muchi. Shingo. Kichwa cha kwenye picha, mudomo umefungwa. Jioni nilimutazama, naye akanitazama. Nikamwambia, "Karibu." Batu bangenisikia bangecheka.

23 Oktoba

Asubuhi nilisikia kikohozi cha Siti mulangoni. Nikainuka mbio. Alikuwa amekaa kizingitini, birika kando yake, uso kwa ziwa, mugongo kwangu.

"Chai hii inapoa," akasema. "Mimi siingii, wala sitazami ndani. Lakini hakuna aliyenikataza kukaa nje na kutazama ziwa."

Nilipeleka muhogo. Tukala, yeye akitazama maji, mi nikitazama kitambaa cha kichwa chake. Halafu akauliza, bila kugeuka, "Kwato umemwekea za namna gani?"

"Za mbuzi. Si ni munyama?"

"Yaa Rabi! Za kupasuka kati?"

"Ee."

"Basi umefinyanga mbuzi mwenye masikio marefu! Punda kwato yake ni nzima, kama kikombe kilichofudikizwa. Baba yangu alikuwa na punda wawili pale Ujiji, wa kubebea chumvi. Nimewafuata nyuma utoto wangu wote, hizo kwato nazijua kuliko nyayo za mume wangu."

Nilicheka mupaka machozi. Nikaingia, nikazirekebisha kwato, huku Siti ananiambia kutoka kule nje. Mukia mwembamba, nywele mwishoni tu. Shingoni nywele fupi, zimesimama. Mugongoni ana mustari mweusi unaoshuka, na mustari mwingine unakatiza mabegani.

"Dada! Ni musalaba!"

"Mimi sikusema msalaba," Siti akasema. "Nimesema mistari miwili."

2 Novemba, Siku ya Bafu, ya kuombea marehemu

Nilipanda makaburini na maua. Kule juu naliona ziwa lote. Bwana yangu nilimwambia habari ya mimba. Mvua ikanifukuza.

4 Novemba, Siku ya Mungu

Kisha misa bamama balikuja kuona punda. Georgette, bibi ya Casimir, ndiye alikuwa mbele. Yeye mudomo wake haulali. Alizunguka mara moja, akashika kiuno.

"Eeeh, Mama Constance! Punda wako iko na mimba!"

Wote bakacheka. Mi nikatazama. Kweli ya Mungu, sikuwa nimeona. Mikono yangu inajua tumbo la nyungu, imefanya tumbo la nyungu. Liko duara, limejaa, limeshuka chini.

"Ya miezi ngapi?" mwingine akauliza.

"Huyu na Maria watazaa siku moja!"

"Yosefu atakuwa na kazi ule usiku!"

Nami nilicheka nao, juu siku nyingi nyumba haijasikia kicheko. Walipoenda Georgette akaita kutoka njiani, "Lala vizuri, Mama Punda!"

6 Novemba

Kwenye maji batoto banasema Mama Punda. Jina la mutoto wangu limenitoka kwa siku mbili tu.

12 Novemba

Leo nitaandika mengi.

Bonaventure alikuja. Aligonga ukuta wa nyuma, nikajua kwa ule mulio wa kidole kwamba si vizuri, aligonga kama muntu anayetaka asisikike. Nikasema, "Mutoto wangu?"

"Muzima, mama mukwe. Muzima kabisa. Sikia kwanza." "Batu ba kamyo walileta habari kule. Wanasema mama wa Constance amefinyanga munyama mwenye mimba."

"Ni nyungu, mukwe! Nilianza na nyungu!"

"Mi najua, mama. Lakini mama yangu amelia siku nzima. Anasema, muntu mwenye binti na tumbo hajengi tumbo lingine ndani ya nyumba. Matumbo mawili hayalali chini ya paa moja, moja litakula lingine."

Nilishika ukuta. Nikasema, "Basi nitalikata. Leo leo. Nitalipunguza."

"Hapana!" Alipiga kelele mupaka kuku wakaruka. Halafu akateremsha sauti. "Mama anasema usilikate. Ukikata lile la udongo, unajua unakata lipi? Usilikate, usilibomoe, usilitoboe. Lipite ndani ya moto likiwa zima, litoke zima. Hapo ndipo atamuleta Constance. Likipasuka, hatamuleta."

"Na Constance anasema nini?"

Nikamusikia anakwangua ukuta na kidole. "Constance anataka mama yake."

Aliondoka, sikuona hata kisigino chake. Nilibaki na yule munyama jikoni. Nilimwambia, "Umenifanya nini?" lakini si yeye, ni mikono yangu.

Padri angesema ni upagani. Lakini Padri hana binti. Na kitu kimoja Anastasie hakijui, kila mufinyanzi anakijua: tumbo la udongo lililofungwa pande zote haliwezi kupita moto. Maji yaliyojificha ndani ya udongo yanakuwa mvuke, mvuke unatafuta mulango, ukikosa unajifanyia. Lazima tundu. Na nimekatazwa tundu.

Nikitoboa, Constance haji. Nisipotoboa, litapasuka, na Constance haji.

13 Novemba

Sijamugusa. Nimemufunika na kitambaa cha maji tu, asikauke kabla sijajua.

15 Novemba

Mvua. Kitambaa cha maji.

16 Novemba

Kitambaa. Niliota Constance anaita, nami niko ndani ya nyungu.

21 Novemba

Casimir alikuja na neno la Padri, punda ni muzuri ila tumbo lipunguzwe kidogo, batoto watacheka kanisani.

Nikasema hapana.

"Mama, ni kukwangua tu. Nipe kisu nikusaidie."

"Usimuguse!"

Alishangaa. Sijawahi kumupigia kelele hivyo. "Mama Constance, ni udongo huu."

"Na Constance ni udongo. Na we udongo. Si umetufundisha we mwenyewe, siku ya Majivu?"

Aliinama, akavaa kofia yake. Mulangoni akasema pole, "Nitamwambia Padri linakauka vile vile." Ni muntu muzuri Casimir.

Sasa naona jambo moja. Bonaventure ananisemesha na mugongo kwa heshima. Siti ananisemesha na mugongo kwa dini. Kila anayenipenda ananipa mugongo, na mwenye uso ni punda tu.

25 Novemba, Siku ya Mungu

Siti kizingitini, chai, ziwa. Hajui yote, nilikuwa nimemuficha. Leo aliniuliza, "Mbona hunitafunii muhogo? Nakusikia, hutafuni."

Nikamwambia yote. Nililia. Akanyoosha mukono nyuma, bila kugeuka, akautafuta mukono wangu hewani mupaka akaupata.

"Mdomo wake umeufanyaje?" akauliza.

"Umefungwa. Ni ya Noeli, lazima anyamaze."

"Anyamaze?" Siti akacheka puani. "Punda? Mwenzangu, hujamsikia ndiyo maana. Punda akilia ziwa lote linaamka."

"Analia namna gani?"

"Niache, mimi mtu mzima."

"Siti, nakuomba."

Akatazama huku na huku kwenye njia. Akashika mbavu. "Iiiiiii-HAA! Iiiiiii-HAA! Iiiii-HAA!" Kuku walikimbilia mihogoni. Batoto wa jirani wakatokea kwenye ukuta. Georgette kule mbali akaita, "Nani amekufa?"

Siti aliona haya, akajifunika na kitambaa, lakini aliendelea kusema ndani yake. "Akilia, mdomo unafunguka mpaka unaona koo. Pumzi yote ya tumboni inatokea pale."

Nikauliza polepole, "Koo inafika mupaka tumboni?"

"Isipofika atakulaje?"

"Kupitisha koo, si kutoboa tumbo?"

Siti alifikiri. Ni muntu wa haki, hakunijibu haraka kunifurahisha. "Mwanao ana mimba, sivyo? Na bado anakula, anaongea, anapiga miayo. Mimba yake imetobolewa? Koo ni njia ya Mungu. Kila mwenye tumbo amepewa."

Niliingia ndani. Nilifungua mudomo wa punda na kidole. Nikachukua tete refu, nikalilowesha, nikalisukuma shingoni nikilizungusha pole pole, pole pole. Udongo wa shingo ulikuwa laini bado, sababu ya kile kitambaa cha maji cha siku zote zile. Nilisema Salamu Maria. Halafu nikasikia tete limefika mahali patupu.

Nikaweka mudomo wangu kwa mudomo wake, nikapuliza. Tumbo likajibu, kama nyungu ya maji ukipuliza juu yake.

"Umepita?" Siti akauliza kule nje.

"Nimepita."

"Alhamdulillahi. Sasa leta muhogo."

2 Desemba, Siku ya Mungu

Anakauka jikoni, juu ya matete, mbali na mafiga. Mi napikia nje chini ya paa dogo. Leo Adventi imeanza. Wiki hii ndiyo Constance angefika. Kitanda nimekitandika hata hivyo, na nguo kuukuu za kumupokelea mutoto nimezifua, nimezikunja.

5 Desemba

Mvua. Hakauki.

6 Desemba

Mvua. Nimemugeuza upande.

9 Desemba

Nikimugusa shavu ni baridi. Udongo ukiwa baridi shavuni, maji iko ndani bado. Ndivyo mama yangu alinifundisha, tumia shavu, mukono unadanganya. Namuwekea shavu asubuhi na jioni. Ni kama ninamubusu.

14 Desemba

Casimir anauliza. Nikamwambia udongo hauna Noeli.

17 Desemba

Kamyo ilipita kwenda Lulimba. Nilisimama barabarani, sikuwa na neno la kutuma. Tumbo la Constance sasa liko kubwa kiasi gani? Analala ubavu gani? Nani anamukanda mugongo?

18 Desemba

Shavu leo si baridi.

19 Desemba

Nimemuchoma.

Asubuhi jua lilitoka, jua la kweli. Nikasema ni leo. Siti alinisaidia kukusanya kuni na maganda ya miti na maganda ya ngazi za mawese tuliyoweka chini ya kitanda chake, pakavu. Punda nilimutoa mwenyewe, nimemukumbatia, mukubwa kama mbuzi. Siti akageuka kabla sijavuka mulango, akaenda kukaa kwenye kinu, mugongo kwetu.

Kwanza moto wa mbali, muzunguko, apate joto kidogo kidogo. Ukimushtua anakufa. Halafu ukasogea, ukasogea. Halafu maganda juu yake mupaka akapotea, nikabaki naona mudomo tu. Nilikuwa nashika tumbo langu, mwanamuke wa umri wangu, kama mimi ndiye mwenye mimba.

Wingu likatoka upande wa milima ya Fizi. Siti aliliona mbele yangu, juu yeye ndiye alikuwa anatazama mbele. "Mwenzangu, mvua."

"Sina mahali pa kumupeleka. Iko ndani ya moto!"

"Vigae! Una vigae?"

Nilikuwa nimevitwanga vyote. Siti akakimbia kwake. Nikasikia kitu kinapasuliwa: paa! paa! Akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mikono nyuma, ameshika vipande vikubwa vya nyungu yake ya maji, ile niliyomufinyangia mwaka wa kwanza wa ujane wangu. "Pokea! Usinielekeze motoni tu!" Nikapokea, nikafunika. Akaenda, akarudi tena kinyumenyume. Matone yakaanza, yanalia juu ya vigae, tss, tss.

Hapo ndipo punda alianza. Pale mudomoni ukatoka mvuke, mweupe, kama muntu anayepumua kwenye baridi ya milimani, kule Minembwe. Halafu sauti. Ndogo, nyembamba, iiiiiii, inapanda, inashuka, inapanda. Nilisimama na fimbo mukononi nikingoja ule mulio mwingine, ule wa kupasuka, ninaoujua. Sauti ilienda, ilienda. Halafu ikaisha pole pole, kama mutoto anayelala.

Siti hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. "Huyo," akasema. "Huyo ni wa Ujiji kabisa."

Mvua ilinyesha kidogo, ikapita kwenda ziwani. Jioni niliondoa majivu. Amekuwa mwekundu, upande mumoja mweusi kwa moshi. Masikio mawili. Kwato nne nzima. Nilipitisha mikono yote miwili kwenye tumbo, chini, juu, pembeni. Hakuna ufa. Nilimugonga na kidole, akalia kama kengele.

20 Desemba

Kamyo. Nilimwambia shofeli, "Sema hivi kwa mama Anastasie: limetoka zima. Halikukatwa." Nikamurudishia neno mara tatu, mupaka akachoka nami.

23 Desemba

Hakuna.

25 Desemba, Noeli

Punda amesimama nyuma ya Yosefu, mudomo wazi juu ya mutoto Yesu. Padri alimutazama sana, akasema, "Huyu anaimba Gloria." Batoto wanapanga mustari kuweka sikio kwa mudomo wake. Bamama wananipa mukono. Georgette mwenyewe alisema, "Tumbo limemufaa."

Nikarudi nyumbani. Pale jikoni alipokuwa kumebaki alama nne za miguu kwenye udongo. Nilikula bugali na ndakala, samaki badogo ba ziwa. Siti aliniletea wali. Kitanda cha Constance kimetandikwa.

27 Desemba

Kamyo haikupita. Barabara ya Fizi ni matope.

30 Desemba, Siku ya Mungu

Nilikuwa namenya muhogo. Nikasikia, "Hodi!" sauti ya mwanamuke. Nikainua kichwa. Ni Anastasie. Miguu ina matope mupaka magoti, nguo imefungwa kiunoni, amekuja peke yake. Kuona yuko peke yake, kisu kilinianguka.

"Muzima," akasema kabla sijafungua mudomo. "Muzima, mukwe wangu. Wote babili."

"Babili?"

"Amezaa. Mutoto alikuja mbele ya siku zake. Shofeli wako alitukuta tumekwisha kukata kitovu." Akasimama pale pale, hakukaa, hakugeuza uso. "Alikuita. Usiku kucha, mama, mama. Mi ndiye nilimuzuia asije. Niliogopa, mukwe wangu. Bonaventure ni mumoja tu kwangu, kama Constance kwako. Nikaogopa mupaka nikakunyima."

Nilitaka kukasirika. Siku zote zile nilikuwa nimejiwekea maneno ya kumwambia, maneno makali. Sikuyaona. Niliona miguu ile ya matope. Nikaenda kuleta maji, nikamuosha. Alilia, nikalia.

Alipokunywa chai akasema, "Nilipita kanisani kwanza. Nilitaka kumuona."

"Ukaona nini?"

"Nilimushika tumbo lote." Akanitazama. "Ni nyungu."

"Ni nyungu tu, mukwe."

"Aaa!" Akapiga magoti yake na mikono. "Nimelia kwa ajili ya nyungu!" Na kule kwenye ukuta wa matete tukasikia muntu mwingine anacheka, juu Siti masikio yake hayana dini.

Halafu Anastasie alisimama, akafunga nguo yake vizuri, akasema vile inavyotakiwa kusemwa, "Nimekuja na miguu yangu. Ninakuita kwa mudomo wangu. Njoo umuone binti yako. Mutoto ni musichana, jina hatujamupa, tunakungoja. Analia na mudomo wazi, kelele yake hujawahi kusikia."

1 Januari 1957

Kamyo inaondoka asubuhi hii. Kuku nimewaacha kwa Siti. Nimemuahidi nyungu mpya ya maji kiangazi kikifika. Ameniambia iwe ya tumbo kubwa. Leo aliingia ndani, alikaa kitini, tulikunywa chai tukitazamana. Amezeeka kidogo tangu Oktoba, sikuwa nimejua. Labda naye ameona hivyo kwangu.

Udongo uliobaki nimeumwagia maji, nimeufunika na majani. Nguo za mutoto ziko ndani ya kikapu, chini, zisilowe.

Kule Bonaventure atasimama nyuma ya nyumba anisalimu na mugongo, na nitapokea, ni heshima yake. Lakini mutoto muchanga hajui habari ya bakwe. Yeye atanitazama.